Mwaka Niliofua Jezi za Radi

Luhende tulimzika Jumatano. Ijumaa, matanga yalipoanuliwa na wageni wa mbali walipokwisha kuondoka, tulibaki wazee sita uani kwake pale Ngokolo, Shinyanga, tukinywa uji wa ulezi na kubishana juu ya bao la mpira. Ndivyo tulivyo sisi tuliobaki. Mwenzetu akifariki hatuulizani sana aliugua nini. Tunaulizana lile bao la pili tulilowafunga watu wa Geita, Malale alilitia kwa kichwa au kwa bega. Malale mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo yake katikati ya magoti, na alishikilia kwamba ni kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya goli siku ile akamwambia waziwazi asiwadanganye watoto: lilikuwa bega, tena bega la bahati. Wajukuu wa marehemu, ambao wao hubishania timu za Ulaya wanazoziona kwenye televisheni, walisogeza viti vyao karibu. Hawakujua kwamba mji wao uliwahi kuwa na jambo la kubishaniwa hivyo. Binti mmoja wa miaka kama ishirini akanigeukia, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, na wewe ulikuwa shabiki?" Kabla sijajibu, Malale alicheka mpaka akakohoa. "Shabiki! Mjukuu wangu, huyu alikuwa anajua tumechezaje kabla hatujasimulia. Mwulize alijuaje."

Sikumjibu yote, kwa sababu msiba si mahali pa mtu kujisifu, na kwa sababu nusu ya habari hii ni ya Luhende, naye hakuwepo kunisahihisha. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na deni la kusema. Nilifikaje Ngokolo nikiwa na miaka kumi na tisa, nani alinileta na kwa nini sikurudi kwetu, si mambo ya sura hii. Ninachotaka kukisimulia ni kiangazi kimoja, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mpaka mvua zilipokaribia. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezaa na nimezika, lakini nikijiuliza ni lini hasa nilianza kuwa huyu ninayeitwa Milembe, jibu huwa ni kiangazi kile.

Nilikuwa nakaa kwa Mama Zuhura. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, mbele imeezekwa bati na nyuma nyasi, na chumba changu kilikuwa cha mwisho, huku nyuma kwenye nyasi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na dirisha la ubao lililokuwa dogo kiasi kwamba jua liliingia asubuhi kama kipande cha kitambaa, likapita ukutani, likatoka. Mama Zuhura alikuwa mwenyeji wa Tabora, mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, na jikoni kwake ndiko nilikojifunza Kiswahili cha kuwajibu watu. Ijumaa alipika wali na mchuzi wa mbuzi. Siku nyingine ilikuwa ugali wa mtama na mlenda, au dagaa walioletwa na treni kutoka Mwanza, na wakati wa kiangazi michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, ambavyo aliviponda na karanga mpaka nikasahau kwamba kwetu michembe ilikuwa chakula cha njaa. Mumewe, Fundi Athumani, alikuwa na cherehani mbili barazani mwa duka karibu na stesheni. Mchana nilimshonea vifungo na pindo. Jumamosi baada ya sala ya alasiri nilimsaidia mkewe kupika chai, kwa sababu Fundi Athumani alikuwa pia mwenyekiti wa Radi, na kamati ya Radi ilikutana sebuleni kwake.

Radi ndiyo ilikuwa timu yetu. Wakulima walioleta pamba mjini waliiita Nkuba, maana yake ni ileile. Wachezaji walikuwa wapagazi wa stesheni, washonaji, na vijana wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Wasukuma, Wanyamwezi, Wasumbwa, Mmanyema mmoja, Wakristo na Waislamu na wengine ambao hawakuwa upande wowote. Kati ya sebule na ukumbi kulikuwa na pazia la kaniki, na sisi wanawake tulipitisha vikombe pembeni ya pazia hilo. Nafikiri wale wazee waliujua mkono wangu kuliko uso wangu. Lakini sikio halina pazia. Nilizijua mechi zote pale nyuma, nimeshika birika: nani alikosa goli tupu, nani alipiga kona ikaenda kwenye michongoma, nani alikunywa pombe ya mtama kuamkia siku ya mchezo. Uwanjani sikuwa nimefika hata mara moja. Hakuna aliyetukataza kwa mdomo. Ilikuwa tu haijawahi kutokea.

Jezi, hizo zilikatazwa kwa mdomo. Fundi Athumani alizishona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, akazitia rangi nyekundu kwenye pipa, na sheria ya timu ilikuwa kwamba mwanamke asiziguse. Golikipa ndiye aliyepewa kazi ya kuzifua na kuzitunza, na golikipa wetu alikuwa Luhende. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyoweza kudaka kitu chochote isipokuwa kipande cha sabuni. Siku moja, mwanzoni mwa kiangazi, alikuja uani wakati wenyeji wangu wametoka, gunia la pamba begani, uso umemshuka.

"Milembe, niokoe."

"Umefanya nini?"

Akatoa jezi ya Malale, nahodha wetu na mfungaji wetu. Mgongoni ilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, kingo zake nyeusi. Alikuwa ameipiga pasi ya mkaa, akaitwa nje na jirani, akasahau.

"Sheria unaijua," nilimwambia.

"Sheria naijua. Na Malale namjua vilevile."

Nilicheka. Nilikuwa na vipande vya kitambaa kilekile kwenye kapu la mabaki, nikaitia kiraka kwa sindano ya mkono, mshono mdogomdogo ambao hata Fundi mwenyewe angepita juu yake asiuone. Kisha nikachungulia ndani ya gunia. Zile nyingine zilinuka kama beberu. Alikuwa anazichovya majini na kuzianika, basi. "Hizi umezifua lini?" nikamwuliza. "Jana," akasema, na aliamini anachosema. Nikamwambia aziache zote.

Tangu siku hiyo kila baada ya mchezo gunia lilikuja kwangu na kila kabla ya mchezo lilirudi kwake. Nilifua ndani ya chumba, kwenye karai, na kuanika kwenye kamba niliyoifunga kutoka ukuta hadi ukuta, dirisha nimelifunga. Usingizi wangu wa mchana niliulala chini ya mashati kumi mekundu yakidondosha maji. Na hapo ndipo nilipoanza kuusoma mpira. Nguo chafu haifichi kitu. Jezi ya Malale ilikuwa na vumbi kifuani, kwa hiyo nilijua wanamwangusha kutoka nyuma na marefa hawaoni. Ya beki wetu wa kulia ilichanika begani kila mara upande uleule. Mtu yule alikuwa anapigana kwa upande mmoja tu wa mwili. Na winga wetu wa kushoto, kijana mwenye mbio aliyesifiwa na kila mtu kwa mwendo wake, jezi yake ilirudi kwangu safi mechi ya kwanza, ikarudi safi ya pili, ikarudi safi ya tatu.

"Huyu anaogopa kuguswa," nilimwambia Luhende. "Anakimbia vizuri kwa sababu anakimbia mbali na watu."

"Hujamwona hata siku moja."

"Nimeona shati lake."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma ya pazia nikisubiri vikombe virudi, nikamsikia Luhende akikohoa na kusema, kwa sauti ya mtu aliyewaza sana, kwamba winga wetu anakimbia mbali na watu, na ingefaa ajaribiwe kijana mwingine mwenye moyo. Kisha Fundi Athumani akasema, "Naam. Hilo nalo ni neno." Na wazee wengine wakasema naam. Kijana mwingine akawekwa, na tukawafunga watu wa Kahama kwao, pale Nyahanga, mahali ambapo Radi ilikuwa haijawahi kushinda. Kesho yake mchana walirudi juu ya lori la pamba wakiimba, na mimi niliwasikia kutoka barazani kwa Fundi nikiwa na sindano mdomoni, na nilitamani kusimama kwenye kiti nipige kelele kwamba ni mimi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumkasirikia Luhende. Nadhani ni kwa sababu hakuwahi kujidai mbele yangu. Alikuja na gunia lake, akakaa kwenye kizingiti, mlango wazi ili watu wasiwaze vingine, akasema, "Leo wamekusifu wewe, ila hawajui kama ni wewe." Nikamwambia basi awaambie. Akasema watamfukuza. Tukacheka wote wawili, lakini yeye akiondoka mimi sikuendelea kucheka. Kusikia maneno yako yakitoka mdomoni mwa mwingine, yakapewa kiti na kikombe cha chai, ni jambo linalokufurahisha na kukuuma mahali palepale.

Mama Zuhura aligundua kwa mikono yangu. Rangi ya Fundi ilikuwa inachuja, na kufikia katikati ya kiangazi viganja vyangu vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo. Tulikuwa tunachambua mchicha.

"Umepaka hina, mwanangu. Nani anakuoa?"

"Hakuna, mama."

"Hina ya kufua, basi." Aliendelea kuchambua. "Mimi nilidhani golikipa wenu anakuja kwa ajili ya macho yako. Kumbe anakuja na mzigo." Nilizamisha mikono kwenye mchicha. Akasema, "Sabuni ya kipande inatoa rangi sana. Weka chumvi majini kwanza." Hakusema zaidi, na kuanzia siku hiyo palikuwa na chumvi ya ziada jikoni.

Tulishinda mechi zote za kiangazi kile isipokuwa moja tuliyotoka sare. Ukawa umebaki mchezo wa mwisho, wa kugombea kombe alilolitoa mwenye jineri, na tungecheza na watu wa Geita hapa kwetu. Watu wa Geita walikuwa wachimba dhahabu. Walitoka kila pembe ya nchi, vifua vipana, na wote kumi na mmoja walivaa viatu vya mpira, wakati nusu ya wetu walicheza pekupeku. Kama hilo halikutosha, siku nane kabla ya mchezo goti la Malale likavimba. Mji ukaingiwa na baridi. Barazani, sokoni, kisimani, kila mahali ni goti la Malale.

Katika kamati alikuwamo Mzee Ngassa, mpima pamba pale jineri, mtu mzito wa mwili na wa neno. Yeye hakungoja goti lipone. Alisafiri mpaka ng'ambo ya Kahama kwa mganga wake, na Jumamosi ya mwisho akarudi na habari. Niliisikia yote nyuma ya pazia. Mganga alisema timu ni nzuri, goti si kitu, ila jezi zimeguswa na mkono wa mwanamke, na kama ni kweli zichomwe moto kabla ya kesho.

"Luhende," Fundi Athumani aliuliza, "zimeguswa?"

Luhende aliinamia gunia la jezi miguuni pake. Nilingoja. Mama Zuhura alikuwa kando yangu, ameshika sahani ya vitumbua, na hakunitazama, alikuwa ananiachia uamuzi. Nilijua kwamba Luhende akisema hapana, atakuwa ameapa uongo mbele ya wazee kwa ajili yangu, na akisema ndiyo, watamtoa golini siku moja kabla ya mchezo. Nilisogeza pazia nikapita. Nakumbuka sakafu ya sebule ilikuwa ya baridi, na kwamba walikuwa watu wachache kuliko nilivyodhani. Kwa sauti zao nilikuwa nimewajenga kuwa wengi.

"Shikamooni," nilisema. "Jezi nazifua mimi. Tangu mwanzo wa kiangazi. Luhende hana kosa, mimi ndiye niliyesema aziache."

Mzee Ngassa alisimama. Akasema maneno ambayo sitayaandika, kuhusu mimi na kuhusu Luhende, na kwamba zichomwe sasa hivi na golikipa atafutwe mwingine. Wengine walikuwa wakisema pamoja naye. Malale alikuwa amekaa pembeni, mguu juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa. Aliinua mkono.

"Tangu mwanzo wa kiangazi? Kabla ya Kahama au baada?"

"Kabla," nilisema. "Ile yako ina kiraka mgongoni. Iliungua."

Akaenda kwenye gunia akichechemea, akaitoa jezi yake, akaitafuta kwa vidole mpaka akaupata ule mshono. Kisha akaanza kucheka, polepole. "Wazee, hii nimefungia mabao yote ya mwaka huu. Mkiichoma hii, mimi kesho nacheza uchi."

Baadhi walicheka. Fundi Athumani hakucheka. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, mimi niliyeshona naye baraza moja. "Kilichoniuma si sabuni," alisema. "Kilichoniuma ni kufichwa ndani ya nyumba yangu." Hilo lilinichoma kuliko yote ya Mzee Ngassa, na nikamwomba radhi. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Akaamua kwamba jezi zisichomwe na Luhende acheze. Ndipo Mzee Ngassa aliposema, "Sawa. Lakini naye aje uwanjani. Akae mahali watu wamwone. Tukifungwa, mji ujue ni kwa mkono wa nani."

"Utaweza?" Fundi aliniuliza.

"Nitaweza, baba."

Nilirudi chumbani nikaanza kupanga nguo zangu kwenye sanduku la bati. Nilijua mji ule. Watu waliopoteza kombe kwa ajili ya mwanamke wasingeniacha nishone vifungo kwa amani. Mama Zuhura aliingia bila kubisha hodi. Alitazama sanduku.

"Unafungasha kabla mpira haujapigwa?"

"Wakifungwa, mama, nitakaa wapi?"

"Utakaa hapa. Zitoe hizo nguo, zina kunyanzi." Akaketi kitandani, kamba zikalia. "Wewe unadhani ni wewe tu uliyesikiliza mpira nyuma ya pazia miaka yote hii? Kesho hutakaa peke yako."

Siku ya pili, jua likiwa limeanza kuinama, tulitoka wanawake kumi na saba. Mke wa mpagazi wa stesheni alikuja na mama mkwe wake. Muuza maziwa alikuja na vibuyu vyake vitupu. Mke wa Mzee Ngassa alikuja, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, akakaa karibu nami bila kuniamkia. Watu walitupisha njia kwa kushangaa, na sisi tukatandika mikeka pembeni mwa mstari, upande wa goli la Luhende. Watu wa Geita walikuwa wameshuka na treni ya Mwanza, wamevuka ziwa ili waje kucheza nasi, na wafuasi wao walikuwa na filimbi na kofia za kila aina. Niliyaona majina yote niliyoyajua kwa mashati yakiingia uwanjani yakiwa na miguu na nyuso, na kwa dakika nzima nilisahau kuogopa.

Dakika hiyo haikudumu. Geita walifunga mapema, mpira uliogonga jiwe ukampita Luhende kwapani. Nyuma yetu mtu akasema kwa sauti, "Si tuliambiwa!" Bonge la udongo likaanguka juu ya mkeka wetu. Mama Zuhura akasimama, akageuka, akawatazama wanaume wa Ngokolo mmoja mmoja, kwa majina, watu aliowapa chai. Hakuna aliyetupa la pili. Kisha muuza maziwa, ambaye kwao alikuwa mwimbishaji wa ngoma, akapiga kibuyu chake kwa kiganja na kuanza wimbo wa kulimia, ule wa kuwatia moyo wakulima jua likiwa kali, akaweka majina ya wachezaji wetu mahali pa majina ya wakulima. Tukamwitikia. Mwanzoni tulikuwa kumi na saba. Wimbo ulipofika jina la Luhende, wanaume waliokuwa nyuma yetu walikuwa wakiitikia pia, maana wimbo ule wote waliujua tangu wakiwa mashambani.

Wakati wa mapumziko tulihamisha mikeka kulifuata goli la Luhende, na hapo nilifanya jambo la ujinga. Niliona beki mmoja wa Geita shati lake halina hata chembe ya vumbi, nikamwendea Malale pale alipokuwa akinyonya chungwa, nikamwambia, "Yule anaogopa. Mwendee yule." Malale alimwendea mara tatu na mara tatu aliporwa mpira kama mtoto anavyoporwa muwa. Beki yule hakuwa na vumbi kwa sababu hakuna aliyeweza kumwangusha. Nalisema hili kwa sababu wazee wenzangu, wanapoisimulia siku ile, hupenda kusema nilifundisha timu. Sikufundisha. Bao letu la kwanza lilitokana na vurugu ya kona, miguu ishirini na mpira mmoja, na la pili ndilo lile wanalolibishania mpaka leo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, na nilichokiona ni wavu ukitikisika na Malale akianguka chini akishika goti lake na kucheka. Mwisho walituletea mashambulizi mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, Luhende alikuwa amelala kifudifudi amekumbatia mpira, na refa amenyanyua mikono.

Mzee Ngassa hakuniomba radhi. Alitangaza kwamba dawa ya mganga wake ilifanya kazi hata kutoka mbali. Mkewe, tukikunja mikeka, aliniambia, "Na mimi nyumbani nitamwambia ilikuwa ni dawa. Mchezo ujao unakuja?" Jumamosi iliyofuata nilichukua birika kama kawaida, nikakuta pazia la kaniki limefungwa fundo na kuning'inizwa juu ya msumari. Fundi Athumani akaonyesha mkeka. "Milembe, keti huku. Kuna mambo ya jezi tunataka kuyasikia kwa mwenyewe." Nilikaa kwenye kamati ile miaka tisa.

Watu hudhani nilikuja kuolewa na Luhende. Hapana. Yeye alioa binti kutoka Runzewe, mwanamke mwema ambaye ametangulia kabla yake, na mimi nikaolewa na mtu wa reli. Tulizeeka mitaa miwili mbali, tukitembeleana sikukuu zote, za kwake na za wengine. Radi ilikufa kidogokidogo kama timu nyingi za wakati ule. Vijana wakahama, jineri ikafungwa, uwanja ukajengwa nyumba. Wapo wanaohuzunika wakipita pale. Mimi sihuzuniki sana. Mwaka ule haukuwa wa kombe peke yake, na yaliyobaki ndani yangu hayakujengewa nyumba juu yake.

Maana mwaka haukuishia na kombe. Mvua za kwanza zilipokaribia, watu wa Geita walitualika kwao tukarudiane kirafiki, na Fundi Athumani akasema wanawake wanaotaka waje. Tulikwenda saba, juu ya lori, tukapitia Kahama na baada ya hapo porini, matawi yakitupiga vichwani. Tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi. Uwanja wao ulikuwa karibu na kambi ya wafanyakazi, na nyuma ya nyumba za kambi niliona wanawake wamesimama, labda thelathini, wengine na watoto mgongoni, wakichungulia kwa mbali. Walikuwa wamesikia kwa waume zao kwamba Shinyanga wanawake walikaa mstarini. Niliwaacha wenzangu nikawaendea. Mmoja, Mhaya kwa lafudhi, akaniuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia sijui, lakini mikeka ipo. Walikuja wote, wakakaa wamebanana, kimya kabisa, na mimi nikakaa katikati yao badala ya kurudi upande wetu, ili nisiwaache peke yao.

Hawakuchukua muda mrefu, watu wa Geita, kutufunga. Luhende aliruka na hakuufikia. Wanaume wao wakapiga filimbi, lakini wanawake wale waligeuka wote wakanitazama mimi, mgeni wao, kwa wasiwasi, kama wanaoomba ruhusa ya kucheka mbele ya mkwe.

"Shangilieni," niliwaambia. "Ni la kwenu hilo."

Kigelegele kilichopanda pale sijapata kukisikia tena, si harusini, si siku ya uhuru. Luhende, akiutoa mpira wavuni, aligeuka kutazama sauti imetoka wapi. Aliniona nimekaa katikati ya wanawake wa Geita, na nafikiri aliona pia kwamba nami nilikuwa nimefungua mdomo. Tulifungwa matatu siku ile. Tukirudi, lori likitutupa huku na huku, alikuwa amekaa kwenye gunia mbele yangu, na tulipoanza kuiona barabara kubwa akanigeukia.

"Milembe," alisema, "leo umenifunga wewe."

Na akacheka, na mimi nikacheka, mpaka wenzetu wakaamka.